Kukata kiasi gani? Shajara ya mradi wa mabango ya saratani ya ngozi

Februari, mwanzo wa kazi

Mradi ni mabango saba makubwa ya ukutani yanayoeleza jinsi utafiti na tiba ya saratani ya ngozi vilivyobadilika tangu karne ya 18 hadi leo. Tunawalenga wanafunzi wa uuguzi na utabibu, pamoja na yeyote anayesubiri zamu yake ya kumwona daktari na hana la kufanya ila kusoma ukuta. Tuko watatu: mimi ninayeandika, mchoraji, na daktari wa patholojia aliyekubali kupitia kila sentensi kabla haijafika kwa mpiga chapa.

Mpango wa awali ulikuwa orodha: mwaka, jina, dawa, mwaka, jina, dawa. Nimeukataa. Msomaji wa orodha hiyo angeondoka akiamini kwamba historia yote ni ya dawa mpya, na ilhali hadi leo wagonjwa walio wengi wa saratani ya ngozi hupona kwa kisu, na dawa hawaigusi. Swali lililowashughulisha wapasuaji kwa zaidi ya miaka mia mbili ni ukate kiasi gani, na majibu yake yamegeuka mara kadhaa, wakati mwingine bila ushahidi wowote. Nimeamua mabango yote yalifuate swali hilo. Dawa zitaingia pale zinapobadilisha kazi ya kisu.

Daktari aliafiki kwa sharti. “Sawa mwalimu, lakini watenganishie aina tatu tangu mwanzo. Kisu hakizikati zote kwa namna moja.” Kwa hiyo juu kabisa ya bango la kwanza zitakaa aina hizo. Saratani ya seli za basali, zilizo chini kabisa katika tabaka la nje la ngozi, ndiyo inayoongoza kwa wingi kati ya watu wenye ngozi nyeupe. Hula nyama taratibu mahali pale pale na ni nadra kusambaa. Saratani ya seli bapa, zilizo juu ya hizo za basali, husambaa zaidi kidogo, hasa ikiachwa. Melanoma huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ni chache kuliko hizo mbili lakini huua sehemu kubwa zaidi ya wanaoipata: makadirio ya mwaka 2022 ni wagonjwa wapya wapatao 330,000 duniani na vifo karibu 59,000.

Februari, mwishoni: bango la kwanza

Hapa nimepita haraka, maana karne nzima ilijua kutambua kuliko kutibu. John Hunter, mpasuaji wa London, mwaka 1787 alimtoa mwanamume wa miaka 35 uvimbe uliokuwa umerudi karibu na taya baada ya kukatwa hapo awali. Hakuwa na jina la kuupa. Aliuhifadhi kwenye chupa, chupa ikabaki katika makumbusho, na mwaka 1968 wataalamu waliuchunguza kwa hadubini wakakuta melanoma. Mchoraji ameipenda chupa hiyo kupita kiasi. Amepewa robo ya bango, na sitamwongezea.

René Laennec, yule yule aliyekuja kubuni kifaa cha kusikilizia kifua, aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1804, na akajikuta kwenye ugomvi na Guillaume Dupuytren kuhusu nani aliyestahili sifa. Ugomvi nimeuacha kwenye bango kwa mstari mmoja kwa sababu wanafunzi hupenda kujua kwamba wakubwa nao waligombania majina. William Norris, daktari wa kawaida wa mji wa Stourbridge huko Uingereza, mwaka 1820 aliandika habari za mgonjwa mmoja na kugundua kwamba baba wa mgonjwa huyo naye alikufa kwa maradhi yaliyofanana. Mwaka 1857 akachapisha maelezo mapana zaidi, akisema wazi kwamba ugonjwa unaweza kufuata ukoo. Jeni hazikuwa zimejulikana na mtu yeyote wakati huo.

Samuel Cooper ndiye anayefunga bango: mwaka 1840 aliandika kwamba ugonjwa ukishasambaa hauna tiba, na kwamba tumaini pekee ni kuuondoa mapema. Daktari wetu anasema sentensi hiyo ingeweza kusomwa kwenye mkutano wa madaktari mwaka 2005 na asingesimama mtu kuipinga.

Machi: duara la ukubwa halisi

Bango la pili ndilo lililonifanya niupende mradi huu.

Mwaka 1907 William Sampson Handley wa London alitoa mihadhara juu ya melanoma. Alikuwa amechunguza mwili wa mgonjwa aliyefariki saratani ikiwa imeshasambaa, akaona seli zikifuata mishipa ya limfu na kuenea pande zote kuanzia kwenye uvimbe. Kutokana na alichokiona akapendekeza kukata kwa upana na kwa kina. Mgonjwa mmoja, tena wa hatua ya mwisho kabisa. Lakini kwa miongo mingi baadaye wapasuaji walikata sentimita 5 kila upande wa doa na kumtaja Handley kama ushahidi. Jeraha la namna hiyo mara nyingi haliwezi kushonwa likafungika. Lilihitaji ngozi ya kupandikizwa kutoka sehemu nyingine ya mwili, na likaacha shimo la maisha.

Mchoraji alipochora duara dogo la mfano nilimwomba achore kwa ukubwa halisi.

“Kaka, ukisema sentimita 5 kila upande, duara lina upana wa sentimita 10 kabla sijaweka hata doa lenyewe.”

Ndiyo hiyo hiyo. Tumechora madhumuni yetu hapo: duara la sentimita 10, ndani yake la sentimita 6, ndani yake la sentimita 2, yaani kukata sentimita 5, 3 na 1 kila upande. La nje lina eneo mara 25 ya la ndani. Mtu yeyote akiweka paja lake karibu na bango anaelewa bila kusoma neno.

Kilichopunguza duara hakikuwa kisu kipya. Kilikuwa rula. Wallace Clark mwaka 1969 alipanga melanoma katika ngazi tano kwa kufuata tabaka la ngozi ambalo seli zimefika. Mwaka uliofuata Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Washington, alifanya jambo jepesi zaidi: alipima unene wa uvimbe kwa milimita, kutoka juu ya ngozi hadi seli iliyozama chini kuliko zote. Katika vipande 98 alivyovipima, vile vyenye unene usiofika milimita 0.76 havikuwa vimerudi wala kusambaa. Mpaka leo unene huo huitwa kwa jina lake na ndio namba ya kwanza ambayo daktari huitafuta kwenye ripoti. Ngazi za Clark zimeondolewa kwenye upangaji wa hatua unaotumika sasa, na mipaka ya unene imesogezwa hadi milimita 0.8 na 1.

Milimita 0.76 ni unene wa kadi ya benki. Tutachora kadi iliyosimama kwa ubavu pembeni mwa maduara. Nilitaka kuandika maelezo marefu kando yake. Mchoraji amenizuia, na ana haki.

Baada ya Breslow swali likawa linapimika: je, uvimbe mwembamba unahitaji duara lile lile? Umberto Veronesi na wenzake, katika jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 1988, waliwagawa kwa kura wagonjwa 612 wenye melanoma isiyozidi milimita 2: wengine walikatwa sentimita 1, wengine 3 au zaidi. Maisha ya makundi mawili hayakutofautiana. Kwa uvimbe mnene zaidi, jaribio la Ulaya kaskazini la watu 936 lililochapishwa mwaka 2011 lililinganisha sentimita 2 na 4, na matokeo yakawa hayo hayo. Ila si kila punguzo limepita salama. Jaribio la Uingereza la mwaka 2004, kwa uvimbe wa milimita 2 au zaidi, lilionyesha kwamba waliokatwa sentimita 1 walirudiwa na ugonjwa mahali pale au kwenye tezi za karibu mara nyingi kuliko waliokatwa 3. Nimesisitiza hili liingie, vinginevyo bango lingekuwa kampeni ya kukata kidogo kwa gharama yoyote. Kwa sasa jaribio liitwalo MelMarT-II linalinganisha sentimita 1 na 2.

Aprili: tezi

Bango la tatu. Hadithi ni ile ile kwenye tezi za limfu, na iliwaumiza wagonjwa zaidi.

Herbert Snow, London, mwaka 1892: ondoa tezi za eneo lote hata kama hazijavimba, kabla saratani haijazifikia. Hoja ilikuwa na mantiki, na wapasuaji waliifuata kwa karibu karne moja. Aliyepoteza tezi za kinena au kwapa aliweza kubaki na mguu au mkono uliovimba maisha yake yote, maana maji ya limfu yamekosa njia. Na wengi wao tezi walizoondolewa zilikuwa safi.

Donald Morton wa California alileta njia ya kuuliza kabla ya kukata. Alidunga rangi ya bluu kando ya mahali palipokuwa na melanoma, akafuata mkondo wa rangi hadi kwenye tezi ya kwanza inayoipokea. Tezi hiyo moja huchunguzwa. Ikiwa safi, zilizo nyuma yake kwa kawaida nazo ni safi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Mchoro wa bango hili ni mguu mmoja, mstari mmoja wa bluu, na tezi moja. Mchoraji alitaka kuweka mishipa yote ya limfu ya mguu, daktari akamwambia, “Dada, tukiweka yote tumerudi kwa Snow.”

Swali likabaki: tezi hiyo ikikutwa na saratani, uondoe nyingine zote? Jaribio la MSLT-II, lililotoka mwaka 2017 likiwa na wagonjwa zaidi ya 1,900, lilijibu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 86 ya kila kundi hawakuwa wamekufa kwa melanoma, walioondolewa tezi zote na waliofuatiliwa kwa vipimo vya mawimbi ya sauti. Kilichotofautiana kilikuwa uvimbe wa limfu: asilimia 24.1 kwa walioondolewa, asilimia 6.3 kwa waliofuatiliwa. Jaribio la Ujerumani lilikuwa limeshaelekea huko mwaka mmoja kabla.

Namba hizo mbili zitaandikwa kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha bango.

Mei: mahali ambapo kila milimita ina thamani

Bango la nne ni la saratani ya seli za basali, ambayo hupenda uso: pua, kope, sikio. Hapa swali la kukata kiasi gani ni swali la kubaki na pua.

Frederic Mohs alianza akiwa mwanafunzi wa utabibu Wisconsin, miaka ya 1930. Alipaka ngozi dawa yenye kloridi ya zinki iliyozigandisha seli kama zilivyo, akakata tabaka jembamba, akachora ramani yake, akaangalia upande wote wa chini na kingo zote kwa hadubini, kisha akarudi kukata pale tu ambapo ramani ilionyesha mabaki. Alichapisha mwaka 1941. Baadaye dawa ya zinki iliachwa, vipande vikawa vinagandishwa kwa baridi na kusomwa mgonjwa akiwa angali pale. Kwa saratani ya basali iliyotibiwa mara ya kwanza, inayorudi ndani ya miaka mitano ni karibu asilimia 1 tu. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyeelewa swali la mradi wetu kuliko wote: hakuuliza sentimita ngapi, aliuliza wapi.

Mionzi nayo ina kona yake. Huko Stockholm mwaka 1899, miaka minne tu baada ya Röntgen kuigundua eksirei, madaktari waliponya saratani ya ngozi kwa kutumia miale hiyo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison aliyekuwa akijaribu mashine za eksirei kwa mikono yake mwenyewe, alikufa mwaka 1904 kwa saratani iliyoanzia kwenye mikono hiyo. Hizo habari mbili nimeziweka bega kwa bega na sijaongeza neno.

Halafu kondoo. Nilijua tangu mwanzo kwamba kondoo wataingia.

Katika jimbo la Idaho, Marekani, miaka ya 1950, wana-kondoo walikuwa wakizaliwa na jicho moja katikati ya paji. Watafiti wa idara ya kilimo walifuatilia malisho hadi wakafika kwenye mmea mmoja wa milimani, Veratrum californicum: mama akiula siku ya 14 ya mimba, mtoto anaharibika uso. Kemikali iliyomo ndani yake ikapewa jina la siklopamini. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba kemikali hiyo huzima mkondo wa ishara ambao kijusi huutumia kupanga viungo vyake. Mwaka 1996 watafiti wa ugonjwa wa kurithi ambao wagonjwa wake huota saratani za basali kwa makumi waligundua kasoro kwenye jeni ya PTCH1, ambayo kazi yake ni kuuzuia mkondo huo huo. Yaani ishara inayojenga uso wa mtoto tumboni, ikiwaka bila kizuizi kwa mtu mzima, huotesha saratani usoni.

Dawa ya vidonge inayouzima, vismodegib, iliidhinishwa Marekani Januari 2012 kwa wale ambao kisu kingewachukulia jicho au pua, au ambao ugonjwa umeshasambaa. Katika utafiti wake uvimbe ulipungua kwa asilimia 43 ya wagonjwa ambao ugonjwa haukuwa umesambaa mbali. Na onyo kali kuliko yote kwenye karatasi yake ni kwa wajawazito. Kwa hili nimeomba nusu nzima ya bango na nimepewa.

Juni: dawa

Bango la tano ni la melanoma iliyosambaa, mahali ambapo kisu hakina la kufanya. Nimejizuia nisiligeuze kuwa orodha niliyoikataa Februari.

Kuanzia mwaka 1975 dawa iliyoidhinishwa ilikuwa dacarbazine. Ilipunguza uvimbe kwa wachache, na hakuna jaribio lililowahi kuonyesha kwamba inarefusha maisha. Wagonjwa wengi hawakufika mwaka. Steven Rosenberg na wenzake walijaribu kuichochea kinga kwa kipimo kikubwa cha interleukin-2, iliyoidhinishwa kwa melanoma mwaka 1998: wachache walipona kabisa, wengine wengi walipata madhara makali bila faida. Hao wachache ndio walioiweka hai hoja kwamba kinga ya mwili inaweza kumaliza saratani.

Kisha miaka michache ikabeba kila kitu. Mwaka 2002 watafiti wa taasisi ya Sanger, Uingereza, waliona kwamba jeni ya BRAF imebadilika katika melanoma nyingi. Makadirio ya sasa ni takriban nusu. Vemurafenib ililenga badiliko hilo na ikaidhinishwa mwaka 2011. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 48 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 5 kwa dacarbazine. Furaha haikudumu, kwa kuwa kwa wengi ugonjwa ulipata njia ya kuikwepa ndani ya nusu mwaka. Na kuna jambo ambalo wanafunzi wakilisikia huomba lirudiwe: karibu mmoja kati ya watano waliotumia dawa hiyo ya saratani ya ngozi aliota saratani nyingine ya ngozi, ile ya seli bapa. Dawa inazima njia ya ukuaji kwenye seli zenye BRAF iliyobadilika, lakini kwenye seli zenye BRAF ya kawaida inaiwasha. Kuongeza dawa ya pili inayozuia MEK, iliyo chini kwenye njia hiyo hiyo, kulipunguza tatizo na kurefusha manufaa.

Upande wa kinga, James Allison alionyesha kwa panya mwaka 1996 kwamba ukiifunga CTLA-4, breki ya seli za kinga, seli hizo hushambulia uvimbe. Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto walikuwa wameigundua breki nyingine, PD-1, mwaka 1992. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Katika jaribio la ipilimumab, dawa inayoifunga CTLA-4, lililotangazwa mwaka 2010, nusu ya waliopewa waliishi miezi 10 au zaidi, dhidi ya 6.4 kwa kundi la kulinganisha. Kwa mtu asiyejua yaliyotangulia hiyo si namba ya kusherehekea. Kwa waliojua, ilikuwa mara ya kwanza jaribio la kura kuonyesha dawa inayorefusha maisha ya wenye melanoma iliyosambaa. Dawa za PD-1 zilifuata mwaka 2014. Ipilimumab ikiunganishwa na nivolumab, moja ya dawa hizo za PD-1, katika jaribio ambalo wagonjwa wake walifuatiliwa kwa miaka kumi, asilimia 43 walikuwa hai mwishoni. Gharama yake ni kwamba zaidi ya nusu walipata madhara makali, kwa sababu kinga iliyoachiwa breki haichagui: utumbo, ini, tezi za homoni.

Daktari alifuta neno “muujiza” kwenye rasimu yangu, akaandika pembeni, “Asilimia 43.” Limebaki limefutwa.

Julai: nani atangulie

Bango la sita. Hapa kisu na dawa vinakutana, na nadhani ndipo mradi unapolipa.

Kwa desturi, melanoma iliyofika kwenye tezi hukatwa kwanza, dawa ifuate kusafisha mabaki. Jaribio la S1801, lililochapishwa mwaka 2023 na wagonjwa 313, halikuleta dawa mpya. Makundi yote yalipangiwa dozi 18 za pembrolizumab, nayo ni dawa ya PD-1. Kundi moja lilikatwa kwanza kisha likapewa dozi zote. Jingine lilipewa dozi 3, likakatwa, likamalizia 15. Dawa ni ile ile na idadi ya dozi ni ile ile, mpangilio tu ndio uliotofautiana. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa wala kupatwa na tukio jingine baya walikuwa asilimia 72 kwa walioanza na dawa, asilimia 49 kwa walioanza na kisu.

Sababu inayotolewa ni kwamba uvimbe ukiwa bado upo mwilini, seli za kinga zilizoachiwa breki zina saratani nzima ya kujifunzia, na nyingi za seli hizo ziko ndani ya uvimbe wenyewe. Ukiukata kwanza umewatupa walimu na wanafunzi pamoja. Mwaka 2024 jaribio la NADINA, na wagonjwa 423, lilifanya hivyo kwa dawa mbili: raundi mbili za ipilimumab na nivolumab kabla ya upasuaji. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa asilimia 83.7 dhidi ya 57.2. Na asilimia 59 ya walioanza na dawa walikutwa uvimbe umekufa karibu wote, wakaachiwa bila dawa zaidi.

Kisu kimepungua zaidi ya hapo katika utafiti wa PRADO, uliochapishwa mwaka 2022. Kati ya wagonjwa 99 walioanza na dawa hizo hizo mbili, wale ambao tezi yao kubwa iliyoathirika ilitolewa na kukutwa imejaa seli zilizokufa, hawakuondolewa tezi nyingine. Walikuwa 59. Ukitoka kwa Snow hadi hapa umeona bango zima.

Saratani ya seli bapa nayo imo: mwaka 2022 wagonjwa 79 walipewa cemiplimab, dawa nyingine ya PD-1, kabla ya upasuaji, na nusu yao mpasuaji alipofungua, mwanapatholojia hakukuta seli hai hata moja. Hili nimeliandika kwa makusudi karibu na ukingo wa bango, ili lipeleke jicho kwenye bango linalofuata.

Agosti: ngozi ya nani

Bango la saba lilizua mjadala kuliko mengine. Mchoraji alikuwa ametumia rangi ile ile ya ngozi, nyekundu-nyeupe, kwenye michoro yote, kwa sababu picha za vitabuni alizopewa ziko hivyo. Nikamwambia hapo ndipo penye habari.

Melanoma ya viganja, nyayo na chini ya kucha ndiyo inayoongoza kati ya melanoma za watu wenye ngozi nyeusi. Jua halina mkono ndani yake. Richard Reed aliitenga kama aina yake mwaka 1976. Mwaka uliofuata Bob Marley aligunduliwa nayo chini ya kucha ya kidole cha mguu. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Badiliko la BRAF ni nadra zaidi katika aina hii, na dawa za PD-1 huifanyia kazi kidogo kuliko melanoma za jua. Wakati huohuo majaribio makubwa niliyoyasifu kwenye mabango yaliyotangulia yaliandikisha karibu watu weupe watupu. Programu ya kompyuta ya Stanford iliyotangazwa mwaka 2017, iliyofunzwa kwa picha 129,450 na kufikia kiwango cha madaktari wa ngozi, ilibeba lawama hiyo hiyo: picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe.

Kwa watu wenye ualbino barani Afrika, saratani inayoua ni ya seli bapa, na chanzo chake ni jua. Kwa watu weusi wasio na ualbino, saratani hiyo mara nyingi huota kwenye kovu la moto au kidonda ndugu kilichokaa miaka. Ina jina la Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika juu ya vidonda vya namna hiyo mwaka 1828. Daktari alitaka hili liwe sentensi yenye herufi nzito: kidonda kisichopona kichukuliwe kipande kikapimwe. Limekuwa hivyo.

Kinga imepata safu moja pembeni. Utafiti wa Nambour, Australia, uliwagawa kwa kura watu 1,621 kuanzia mwaka 1992, baadhi wakipaka mafuta ya kuzuia jua kila siku. Saratani za seli bapa zilipungua kwa karibu asilimia 40. Watu wa Nambour ni weupe karibu wote, na bango linasema hivyo hivyo. Kwa mtu mwenye ualbino hesabu ya jua ni kubwa zaidi. Kwa melanoma ya unyayo, mafuta hayo hayana kazi.

Mchoraji amechora upya mikono, miguu na nyuso za mabango yote kwa rangi mbalimbali za ngozi. Mguu wa tezi ya bluu sasa ni mweusi, na bluu imeonekana vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa.

Septemba: hali ilivyo

Mabango sita ya kwanza yamepitishwa na daktari. Kwenye la tano tumeacha kipande cha kubandika na kubandua, kwa ajili ya chanjo ya mRNA inayotengenezwa kwa kila mgonjwa kutokana na mabadiliko ya uvimbe wake. Katika jaribio dogo la watu 157, chanjo hiyo pamoja na pembrolizumab ilipunguza hatari ya kurudiwa au kufa kwa asilimia 44 ikilinganishwa na pembrolizumab peke yake. Jaribio kubwa limeshaanzishwa, na sitaki tuchape namba ya kudumu kabla yake. Kipande kama hicho kipo pia kwenye bango la pili, chini ya duara la sentimita 2, kikisubiri MelMarT-II.

Kadi ya benki tumeipima tena kwenye nakala ya majaribio. Karatasi ilikuwa imetanuka kidogo kwa joto la mashine na maduara yakatoka makubwa kuliko halisi, kwa hiyo mpiga chapa atatumia karatasi nzito zaidi. Bango la saba limerudi kwangu likiwa na swali moja la daktari, kuhusu namna ya kuandika matokeo ya PD-1 kwa melanoma ya nyayo bila kumkatisha mgonjwa tamaa. Naandika upya aya hiyo leo jioni, kisha mchoraji apeleke faili zote pamoja.